Kwa Nini Tulikuwa Huru Hivyo Tukiwa Watoi? Ukweli wa Ocha, Kutoka Homa Bay Hadi Migori

Disemba iliyopita nilipeleka mtoto wa sistee yangu ocha, upande wa Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay. Ako na miaka nane. Amezaliwa Nairobi na amelelewa ghorofa ya nne. Tulifika kwa Dani jioni, tukashuka boda, madam akasimama katikati ya boma akizungusha kichwa. Kuku huku, ng'ombe kule, mti wa embe, na ziwa linang'aa kwa umbali. Hakuna geti ya chuma. Hakuna ngazi. Hakuna msee wa kumwambia arudi ndani.

Akanivuta shati. "Anko, caretaker wa hapa ni nani?"

Nilicheka hadi Dani akauliza kuna nini. Nikamtafsiria kwa Dholuo. Dani hakucheka. Alisema, "Mwambie ni mimi." Halafu akaonyesha maboma ya majirani kwa mdomo, vile wazee wetu huonyesha vitu. "Na wa pale. Na wa pale. Na yule mama wa pale chini."

Manze, hilo jibu limenikaa kichwani tangu siku hiyo.

Kwa sababu unajua vile huwa. Kila Disemba lazima msee aposti picha ya watoi wakisukuma tairi, anaandika eti sisi ndio kizazi cha mwisho kuenjoy utoto. Chini yake watu elfu wanakubali. Hakukuwa na simu, hakukuwa na sheria mingi, tulitoka asubuhi tukarudi giza likiingia, na hakuna mtu alitutafuta. Siku hizi watoi wamefungiwa kwa keja kama kuku wa gredi.

Mimi pia huwa nalike hizo picha. Lakini nikifikiria vizuri naona tunajidanganya mahali. Tunasema tulikuwa huru kwa sababu hakuna mtu alikuwa anatuangalia. Kumbe ni kinyume. Hebu tuivunje hii stori polepole.

Siku moja ya kawaida, 2006

Nilikuwa na miaka nane, umri wa huyu mtoto wa sistee sasa. Likizo ikifika ratiba ilikuwa hivi.

Unaamka, unapiga uji, unafungulia ng'ombe. Kuchunga ilikuwa kazi, lakini ilikuwa pia tiketi. Ng'ombe zikishatulia mahali kuna nyasi, siku ni yako. Mnapanda miti kutafuta jamna, zile zambarau za kupaka ulimi rangi, hadi ukitoa ulimi unakaa umekunywa wino. Msimu wake ukiisha mnaingia kichakani kutafuta ochuoga na sangla, matunda ya porini yenye hakuna mtu aliyapanda na hakuna mtu alikulipisha.

Mvua ikinyesha, ngwen wanatoka. Hao ni kumbikumbi. Mnawavizia kwa kichuguu, wengine wanaingia kwa mkebe, wengine wanaingia kwa mdomo hapo hapo, wakiwa bado wanapiga mabawa.

Mchana ni mpira. Na si mpira wa duka, ni ajuala. Unaokota majuala ya plastiki, unayafinyanga pamoja, unafunga na kamba ya katani, unaongeza juala, unafunga tena, hadi idunde. Msee mwenye alijua kufunga ajuala vizuri alikuwa na heshima kuliko kiranja wa shule. Hata kama hajui kucheza, lazima angepata namba.

Jioni ni ziwa. Nguo juu ya jiwe, nyinyi ndani.

Likizo ya Agosti ilikuwa tofauti kidogo, kwa sababu nilienda kwa mathe, alikuwa anauza nguo Awendo, kaunti ya Migori. Huko hakuna ziwa, kuna miwa. Trekta ikipita imebeba miwa kupeleka kiwandani, sisi nyuma yake mbio. Msee anashika muwa mmoja, anavuta na nguvu zote, trekta inaenda, muwa unabaki mkononi, na mnagawana mkiwa mmekaa kando ya barabara na vumbi hadi kwa kope. Tulikuwa tunajiona mashujaa. Leo nikiona mtoto anakimbia nyuma ya trela ya tani kadhaa, miguu yangu inaisha nguvu.

Kula? Ulikula penye saa saba ilikukuta. Kama ni kwa kina beshte yako, unanawa mikono unakaa na wengine. Nyoyo, ile mchanganyiko ya mahindi na maharagwe, au omena na kuon, yaani ugali. Hakuna mtu alipigia mtu simu kuuliza kama ni sawa. Hata hakukuwa na simu ya kupiga.

Hadi hapo stori yangu ni ile ile ya kila mtu. Sasa tuingie kwa yenye hatusemi.

"In nyathi ng'a?"

Hilo ni swali la Dholuo. Maana yake, wewe ni mtoto wa nani? Kama umekulia pande zetu, umeulizwa mara elfu moja. Na kama uliulizwa ukiwa juu ya mti wa mapera wa wenyewe, basi unajua hiyo si salamu.

Mtu mzima yeyote alikuwa na ruhusa ya kukuuliza. Mama anatoka mtoni na ndowo kichwani, mzee anaendesha baiskeli, mvuvi anashona nyavu. Ukishajibu, umekwisha. Sasa anajua kwenu, anajua Dani wako, pengine walisoma pamoja, pengine waliolewa kutoka kijiji kimoja. Ripoti ingefika nyumbani kabla yako. Na ungechapwa mara mbili, moja na mwenye alikupata, moja na mwenyewe wa nyumba, kwa kosa la kumwaibisha.

Sisi tuliona kama tuko peke yetu porini. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunapitishwa kutoka jicho moja hadi lingine siku nzima, kama mpira. Dani hakututafuta kwa sababu hakuhitaji. Akitaka kujua niko wapi, angeuliza mtu mmoja kwa njia, huyo angejua mwenye alituona mwisho.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza. Uhuru wetu haukuwa bure. Kuna watu walikuwa wanaufanyia kazi bila mshahara, na sisi hatukuwaona kwa sababu walikuwa wanajifanya wanashona nyavu.

Sheria zilikuwepo, zilikuwa tu zinavaa nguo ya stori

Ati hakukuwa na sheria? Kwetu? Wacha jokes.

Chukua Nyawawa. Hao ni mapepo yenye wazee husema hutoka upande wa ziwa na kupita vijijini usiku yakipiga kelele. Zikisikika, boma nzima inatoka kugonga sufuria na mabati ili ziende mbele kwa wengine. Mtoto ukisikia hiyo kelele unajificha chini ya blanketi hadi miguu ya wenzako inakuingia puani. Sasa fikiria. Mtoto mwenye anaamini Nyawawa atakuwa wapi saa tatu usiku? Ndani. Hiyo ilikuwa kafyu, na haikuhitaji karao hata mmoja.

Ama chukua Simbi Nyaima, ile ziwa ndogo ya mviringo karibu na Kendu Bay, yenye flamingo hutua. Stori yake kila mtoto wa Karachuonyo aliisikia. Kulikuwa na kijiji. Bibi mzee akaja usiku amechoka, ana njaa, na watu walikuwa wanakula raha kwa sherehe, wakamfukuza. Ni mwanamke mmoja tu alimhurumia. Bibi akamwambia atoke na familia yake, na maji yakameza kijiji chote.

Tukiwa watoi tuliisikia kama stori ya kutisha. Saa hii naona ilikuwa sheria ya chakula. Usimfukuze mwenye amefika kwako na njaa, hujui ni nani. Ndiyo maana ningeweza kukula kwa boma lolote saa saba. Kijiji kizima kiliogopa kuzama.

Na stori zenyewe zilikuwa na mahali pake. Zamani kila boma kubwa la Wajaluo lilikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi, wasichana na watoi wadogo walilala huko wakifunzwa maisha kwa sigana, yaani hadithi. Kijana akikua alijenga simba, keja yake mwenyewe. Lakini angalia alijenga wapi. Karibu na lango la boma. Umepewa mlango wako, uhuru wako, na kazi yako, kwa sababu adui akiingia usiku wewe ndio wa kwanza kukutana naye. Uhuru na wajibu vilikuja kwa paketi moja.

Ukitaka kuona hii kitu ikiwa mawe, enda Migori. Karibu na Macalder kuna Thimlich Ohinga, ile ngome UNESCO iliingiza kwa orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2018. Inakadiriwa ilijengwa karne ya 16. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila simiti wala udongo wa kushikanisha, zingine zimefika zaidi ya mita 4 kwa urefu, na bado zimesimama. Ndani waliishi watu na mifugo yao.

Nilienda huko nikaguswa na kitu kimoja. Wazee wetu hawakuwa wajinga kuhusu usalama. Walijua kuna simba, kuna wezi wa ng'ombe, kuna maadui. Walijenga ukuta mkubwa kuliko wa mtaa wowote wa mabwenyenye Nairobi. Lakini waliuzungushia jamii nzima. Sisi siku hizi tunazungushia kila mtoto ukuta wake.

Upande wenye hatuposti

Sasa hapa ndio nataka tuongee ukweli, hata kama unauma.

Nikiwa darasa la nne, boy mmoja wa umri wangu alizama ziwani. Sitataja jina lake, mamake bado yuko hai. Ilikuwa siku ya soko. Watu wazima wote walikuwa wameenda, hakuna mtu alikuwa anashona nyavu, hakuna mama alikuwa anafua. Tuliingia majini sita, tukatoka watano. Hakuna hata mmoja wetu alikuwa amefunzwa kuogelea, tulijifunza tu kwa kutokufa.

Kwa hivyo msee akiniambia "sisi tulicheza hadi ziwani na hatukufa," mimi huuliza, nani hakufa? Wenye walikufa hawana akaunti za kuposti.

Na kama ziwa halikukuzamisha, kulikuwa na bilharzia. Hii imejaa sana pande za Ziwa Victoria, na inafanya kazi hivi. Mtu mwenye ameambukizwa anajisaidia karibu na maji, mayai ya minyoo yanaingia majini, yanaanguliwa, yanaingia kwa konokono wadogo. Wakitoka kwa konokono, vijiminyoo vinaogelea vikitafuta ngozi ya binadamu, na vikikupata vinapenya bila wewe kuhisi kitu. Miaka baadaye tumbo linaanza kuuma, unaona damu chooni, ini linaharibika. Dawa yake ipo na si ngumu, inaitwa praziquantel, na siku hizi hupelekwa hadi shuleni. Lakini sisi wakati ule tulijua tu kuna watoi fulani wenye tumbo kubwa, na tulikuwa tunawacheka.

Halafu kuna ile yenye nimeogopa kuandika.

Jiulize, kwa nini mimi nilikuwa kwa Dani? Kwa nini nusu ya darasa letu ilikuwa inaishi kwa Dani?

Fathe alikufa nikiwa na miaka minne. Mpaka leo hakuna mtu wa kwetu amenitajia ugonjwa wenyewe. Wengine walisema ni chira, ile laana ya kuvunja mila. Wengine walisema tu "aligonjeka." Serikali ilikuwa imetangaza ukimwi janga la kitaifa mwaka wa 1999. Dawa zilikuja kusambaa miaka kadhaa baadaye, na wengi hawakuzingoja. Hata majuzi tu, utafiti wa serikali wa 2018 ulipata watu wazima wenye virusi Homa Bay ni asilimia 19.6 na Migori asilimia 13, wakati nchi nzima ni asilimia 4.9. Sasa rudi nyuma miaka kumi na tano, kabla ya dawa, ufikirie ilikuwaje.

Kwa hivyo huo uhuru wetu wa kurudi nyumbani giza likiingia, sehemu yake ilitoka kaburini. Wenye wangetuuliza tulikuwa wapi walikuwa wamelala kando ya nyumba, chini ya mti. Dani alikuwa mmoja, wajukuu tulikuwa saba. Angetuangalia wote aje? Ni majirani walijaza hilo pengo. Ile "In nyathi ng'a?" ilikuwa ndiyo wavu wenye ulitushika.

Na mahali wavu ulitoboka, kama siku ile ya soko, tulilipa.

Basi ni nini ilibadilika?

Watu wanapenda kusema ni simu. Lakini ukipanga miaka unaona vitu vingi viliingia pamoja, na karibu vyote vilikuja kwa sababu nzuri.

2001: Serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni. Walimu wetu sidhani walipata hiyo barua mapema, lakini ilifika.

2003: Shule za msingi za serikali zikawa bila karo, Kibaki akiwa ndio ameingia. Watoi wenye walikuwa wanachunga mwaka mzima wakaingia darasani. Nani anaweza kulalamika kuhusu hiyo?

2004: Tarehe 1 Februari, Sheria za Michuki zikaanza. Mikanda kwa matatu, vidhibiti mwendo, hakuna kusimama. Kabla ya hapo mtoto hakuwa abiria, alikuwa mzigo. Mimi nimetoka Homa Bay hadi Rongo nikiwa nimekaa kwa mapaja ya mama simjui, kuku wake chini ya miguu yangu. Na nikuambie tu, kwa barabara zetu hizo sheria zilifika zikiwa zimechoka, niliendelea kukalia mapaja ya wageni miaka mingine mitatu.

2008 hivi: Pikipiki zikashuka bei, boda za baiskeli zikaanza kupotea. Njia yenye ilikuwa yetu ya kusukumia tairi sasa ina msee anapita kama risasi na abiria watatu.

2011: Simu janja za bei nafuu zikaanza kuuzwa Kenya. Kijana wa kwanza kuwa nayo kijijini alikuwa na mbogi nyuma yake kama mchungaji na kondoo.

2017: Tarehe 28 Agosti, marufuku ya majuala ya plastiki. Faini hadi milioni 4 ama jela hadi miaka 4. Ni sheria poa, ng'ombe zilikuwa zinameza hizo vitu na mitaro ilikuwa imeziba. Lakini hakuna mtu alikumbuka kwamba hapo ndipo ajuala ilizikwa. Mtoto wa leo akitaka kufunga mpira anatumia matambara, na haidundi vile.

Umeona? Hakuna hata moja hapo ningefuta. Ningependa mtoto wa sistee yangu arudi kukalia mapaja ya mgeni kwa matatu bila mkanda? Zii. Ningependa akose shule achunge? Zii kabisa.

Chenye kilipotea hakiko kwa hiyo orodha. Hakuna sheria ilisema jirani aache kuuliza mtoto ni wa nani. Hiyo tuliiacha wenyewe, polepole, wakati tulihama kutafuta doo.

Simu haikuchimba shimo, ilianguka ndani

Rudi Nairobi, kwa ploti yetu. Kuna keja kama sitini. Mimi nimeishi hapo miaka mitatu, naandika stori za mtandaoni kutoka chumbani tangu nitoke campo bila kumaliza, kwa hivyo niko nyumbani mchana kutwa. Kama kuna mtu angejua watoto wa hiyo ploti ni mimi. Najua majina mangapi? Mawili. Mmoja ni huyu wa sistee.

Sistee hutoka saa kumi na moja asubuhi na kurudi saa mbili usiku. Nikiwa na kazi, mtoto anafanya nini? Chini ni barabara. Paa imefungwa kufuli. Majirani hawamjui na yeye hawajui. Ukimwambia atoke akacheze, atatoka aende wapi, na nani atamwona akianguka?

Kwa hivyo anapewa simu. Si eti mamake ni mvivu. Simu ndiyo kitu cha pekee kwa hiyo ghorofa chenye kiko tayari kumwangalia mtoto masaa nane bila kulipwa. Ubaya ni kwamba haimwangalii, inaangaliwa. Haiwezi kumuuliza ni mtoto wa nani.

Na tusiitukane bure. Hiyo hiyo simu ndiyo Dani hunipigia kila Jumapili kuniuliza "Nyakwara, umekula?" Hiyo hiyo ndiyo hupeleka doo ya dawa yake. Tungekuwa na simu siku ya soko mwaka ule, labda mmoja wetu angepiga, na mtu angekuja. Sijui. Huwa nafikiria hiyo sana.

Sasa tufanyeje?

Sitakudanganya eti turudi zamani. Zamani ilikuwa na jamna, na ilikuwa na makaburi. Lakini kuna vitu vitatu vyenye havihitaji mbunge wala NGO.

Moja, jua majina. Watoi watano wa ploti yako, majina yao na mama zao. Anza na mama, usianze na mtoto, mambo ya siku hizi unayajua, mtu mzima akimwongelesha mtoto wa wenyewe bila kujulikana anaonekana mbaya, na kusema kweli hawana makosa kuogopa. Lakini kama mama anakujua, mtoto wake anaweza kushuka ngazi akijua kuna mlango mwingine wa kugonga.

Mbili, kama uko pande za ziwa, funza mtoto kuogelea, na akipanda boti avae jaketi la kuokolea maisha hata kama wazee wanamcheka. Na maji yenye yana konokono si ya kuchezea. Uhuru si kuacha mtoto na hatari. Ni kumpa ujuzi, halafu ndio unarudi nyuma hatua tatu.

Tatu, wapeleke ocha, na ukifika, waachilie. Si siku moja ya kupiga picha na ng'ombe. Kaa hadi waboeke, kwa sababu kuboeka ndiko kulizaa ajuala.

Huyu wetu aliboeka siku mbili. Aliuliza bando, nikamwambia mtandao ni mbaya. (Ulikuwa sawa. Nisamehe sistee ukisoma hii.) Siku ya tatu watoi wa boma la pili walimwita. Alienda na viatu, akarudi bila. Siku ya tano alipotea tangu saa nne hadi jioni, na mimi, msee wa kuandika stori za uhuru wa watoto, nilikuwa natembea boma nzima kama kuku mwenye anataka kutaga. Dani alikuwa anachambua omena, ametulia.

"Ako kwa yule mama wa pale chini," aliniambia. "Amekula huko."

"Umejuaje?"

Akaniangalia kama nimeuliza maji ni nini.

Mtoto alirudi na magoti yamechubuka. Alikuwa na stori moja tu. Bibi fulani alimkuta juu ya mti wa mapera akamuuliza kitu kwa Kijaluo, na yeye hakuelewa, ikabidi wenzake wamjibie. Alitaka kujua alikuwa anaulizwa nini. Nikamfunza swali, nikamfunza na jibu lake, jina la mamake, na jina la Dani. Alilirudia hadi akalala.

Tulirudi Nairobi Januari. Wiki iliyopita nilikuwa napanda ngazi, nikakutana na kijana mdogo wa ghorofa ya pili, ameketi peke yake, anachora sakafu na chaki. Nikasimama. Nikamuuliza, kwa sauti yangu ya upole kabisa, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Akaniangalia, akaangalia mlango wao, akaingia mbio na kufunga.

Simlaumu. Nimeanza upya, kwa njia ya kufaa. Jana nimegonga hapo jioni, mamake akiwa amerudi, nikajitambulisha. Mimi ni wa 4B. Nina mtoto wa sistee wa miaka nane. Huwa niko ndani mchana wote.

Aliniangalia kutoka juu hadi chini. Halafu akasema, "Kwani nyinyi ni wa wapi?"

Nikasema Homa Bay, upande wa Kendu Bay, lakini mathe ako Awendo.

Akafungua mlango kidogo zaidi.